Maswali ya Wasomaji: Faini za Trafiki, Dhamana na SMS za Uongo

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka barabarani. Viwango vya faini tunavyotaja hapa ni vya Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za Kenya za 2016, ambazo jijini Nairobi bado zinaitwa "sheria mpya".

Nilisimamishwa Outering Road. Afande akaniambia nilikuwa kilomita 67 kwa saa mahali pa 50, akataka elfu tatu hapo hapo, ati ndiyo faini ya papo hapo. Je, ni halali?
*Dereva wa Probox, Embakasi*

Hapana. Faini ya kosa hilo ipo, lakini njia yake haipiti mfukoni mwa afande. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamruhusu akuandikie notisi ya mashtaka palepale barabarani bila kukupeleka kituoni. Isome kabla hajaondoka: kosa ni lipi, lilifanyika wapi na saa ngapi, namba ya gari ni ipi, unatakiwa mahakama gani na tarehe gani. Kikikosekana kimojawapo, mwombe akijaze ukiwa unamtazama.

Ukikubali kosa, unatia sahihi sehemu ya kukiri, unalipa kiasi kilichowekwa na kanuni mahali ulipoelekezwa na notisi, na unahifadhi risiti. Ukikana, usitie sahihi sehemu hiyo wala usilipe. Fika mahakamani siku uliyoandikiwa. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanalipa ili wawahi kazini, kisha baadaye wanataka kulalamika kwamba hawakuwa na kosa. Kulipa ni kukiri.

Halafu piga hesabu. Kilomita 67 mahali pa 50 ni kuzidisha kwa 17. Ukizidisha kwa 1 hadi 5 unapewa onyo. 6 hadi 10 ni sh500. 11 hadi 15 ni sh3,000. 16 hadi 20 ni sh10,000. Ukipita 20, si kosa dogo tena, utajieleza mbele ya hakimu. Kwa hiyo ile elfu tatu si faini ya kosa ulilodaiwa kulifanya. Ni bei ya mazungumzo. Na ukiitoa, jua kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 inamfunga anayetoa sawasawa na anayepokea: kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi sh5 milioni, au vyote viwili.

Kesi ikienda mahakamani, omba ushahidi kabla ya siku ya kusikilizwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki hiyo. Katika kesi za mwendo kasi, la kudai kwanza ni picha ya kamera inayoonyesha namba ya gari, kasi na saa. Maoni ya shahidi mmoja kwamba ulikuwa unakimbia hayatoshi peke yake kukutia hatiani. Ukitaka kuripoti kuitishwa hongo, piga 1551 ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, au 1559 ya IPOA, mamlaka inayosimamia polisi, ikiwa afande alikudhulumu kwa njia nyingine. Andika jina lililo kwenye sare, mahali na saa. Malalamiko ya "afande mmoja wa Outering" hayafiki popote.

Nikiwa abiria wa boda na sina helmeti, anayeshtakiwa ni mimi au mwendeshaji?
*Msomaji, Kawangware*

Wote wawili, kila mtu na kosa lake. Sheria inamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na faini ni sh1,000 kwa kila mmoja. Mwendeshaji akibeba abiria zaidi ya mmoja, hilo ni kosa lingine juu yake. Kwamba helmeti aliyokupa inanuka au mkanda wake umekatika si utetezi. Shuka utafute boda nyingine.

Kijana wangu alikamatwa Ijumaa jioni kwa kuendesha matatu bila leseni ya aina hiyo ya gari. Kituoni wakaniambia hawezi kutoka mpaka Jumatatu, na dhamana ni sh20,000. Je, wana haki?
*Mama wa vijana wawili, Kayole*

Mama, hapa kuna mambo mawili yaliyochanganywa.

La kwanza ni muda. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama, muda unasogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, saa 24 zake zinaisha Jumamosi jioni, kwa hiyo sheria inawapa polisi hadi Jumatatu. Jumatatu ikiwa sikukuu, ni Jumanne. Ndiyo maana watu wa Nairobi huogopa kukamatwa Ijumaa kuliko siku nyingine yoyote.

La pili ni dhamana, nayo haingoji Jumatatu. Mkuu wa kituo anaweza kumwachilia mtu Jumamosi au Jumapili, usiku au mchana. Ana njia mbili. Moja ni bondi ya polisi: mshukiwa, au mdhamini wake, anatia sahihi ahadi kwamba atafika mahakamani. Hiyo ni bure kabisa. Mdhamini aende na kitambulisho chake halisi na nakala. Nyingine ni dhamana ya pesa taslimu, ambayo lazima iandikiwe risiti rasmi yenye jina la aliyelipa. Bila risiti, pesa hizo hazitarudi. Kesi ikiisha, aliyelipa anazidai kwa risiti halisi na kitambulisho, basi risiti hiyo isikunjwe mfukoni mwa suruali ikafuliwa.

Kuna fungu dogo la Kifungu cha 49 ambalo wengi hawalijui: mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Kuendesha gari la aina ambayo haiko kwenye leseni yako kumo katika orodha ya makosa madogo, faini sh3,000. Muulize mkuu wa kituo, kwa adabu, shtaka lililoandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, ni lipi hasa, na uchukue namba ya OB. Kama ni hilo peke yake, sh20,000 ni nyingi mno, nawe una msingi wa kuomba bondi ya bure. Kama wameongeza lingine, kwa mfano gari kutokuwa na bima, mambo ni tofauti: bima iko chini ya sheria nyingine, Sura ya 405, wala haimo katika orodha hii ya faini.

Akishatoka, asikose kufika mahakamani hata mara moja. Pesa za dhamana zinachukuliwa na hati ya kumkamata inatolewa siku hiyohiyo.

Kuvuka Thika Road chini ya daraja la miguu ni kosa kweli?
*Msomaji, Roysambu*

Kuzuia magari kwa makusudi ukiwa kwa miguu ni kosa, faini sh500. Panda daraja.

Niliuza Fielder mwaka jana, tukaandikiana mkataba kwa wakili na nikapokea pesa zote. Mnunuzi hajabadilisha logibuku, ile hati ya umiliki wa gari. Makosa yake barabarani yatanifuata?
*Msomaji, South B*

Yatakufuata wewe kwanza. Mbele ya sheria, mwenye gari ni yule aliyeandikishwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mkataba wa wakili ni ushahidi mzuri, lakini utautoa baada ya kutafutwa, pengine baada ya gari kugonga mtu na kukimbia.

Sura ya 403 inamtaka muuzaji amjulishe msajili wa magari ndani ya siku 7, na gari lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 bila mwenye mpya kuandikishwa. Siku hizi kazi hiyo inafanyika kwa akaunti ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Muuzaji ndiye anayeanza: anafungua ukurasa wa gari lake, anachagua kuhamisha umiliki na kuingiza taarifa za mnunuzi. Mnunuzi anaingia kwenye akaunti yake mwenyewe na kukubali, na ada inalipwa kulingana na ukubwa wa injini. Mara nyingi inakwama kwa sababu mnunuzi hana akaunti, jina la kitambulisho halilingani na la PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), au gari bado lina deni la benki iliyoandikishwa pamoja na mwenye gari. Benki isipojiondoa, hakuna kinachosonga.

Kwa wanaouza sasa: anzeni kuhamisha kabla ya kukabidhi ufunguo, mnunuzi akubali mkiwa mmekaa pamoja. Wewe wa South B, anzisha leo hata kama mnunuzi hapokei simu, kisha mwandikie msajili barua yenye nakala ya mkataba, tarehe na saa ya kukabidhi gari, na jina na namba ya kitambulisho cha mnunuzi. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwako.

Nimepata SMS kwamba gari langu lina faini ya sh1,500, nilipe kwa kiungo kabla ya usiku. Nilibofya, nikaweka namba ya kitambulisho na PIN ya M-Pesa. Nifanye nini?
*Msomaji, Umoja*

Haraka, kwa mpangilio huu. Badilisha PIN sasa hivi. Piga \*100\*100# kama laini ni ya Safaricom, ili wakala yeyote asiweze kuihamishia laini yako kwenye kadi nyingine. Ukihitaji kubadilisha kadi ya laini, utaenda dukani kwao mwenyewe. Kama pesa zimetoka, tuma ujumbe wa muamala wenyewe kwa 456 kuomba urejeshewe, na namba ya tapeli uitume kwa 333. Iambie benki yako ikiwa imeunganishwa na simu. Kisha piga ripoti kituo cha polisi, uchukue namba ya OB, au piga 0800 722 203 ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Usiifute ile SMS, ndiyo ushahidi.

Malipo ya serikali yanapitia eCitizen, paybill 222222. Hata uione namba hiyo, ingia mwenyewe kwenye akaunti yako uangalie kama deni lipo. Usifuate kiungo ulichotumiwa. Hakuna ofisi ya serikali inayoomba PIN ya M-Pesa.

Kuhusu sheria, kuhadaa mtu kwa ujumbe ili utwae siri zake ni kosa tangu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018: faini hadi sh300,000 au miaka 3. Marekebisho yaliyotiwa sahihi Oktoba 2025 yameongeza kosa la kuteka laini ya mtu, yaani kuihamishia kwenye kadi yako bila idhini, kwa nia ya uhalifu, sh200,000 au miaka 2. Ukiandika taarifa kituoni, taja yote mawili kama yametokea, kwa sababu karani huandika "wizi wa pesa" tu, na kesi ikianza hivyo, mtu wa kuteka laini haulizwi.