Mafuta kwenye chakula cha ng'ombe na methani: yanapunguza, ila piga hesabu ya majani kwanza

Mkuu, umeuliza kama kuongeza mafuta ya mimea kwenye chakula cha ng'ombe kunapunguza methani kweli, au ni maneno ya semina tu. Kunapunguza. Kazi yangu ni kuchanganya chakula cha ng'ombe wa maziwa, na mafuta nimeyatumia muda mrefu. Nilianza nayo kwa ajili ya maziwa, habari ya methani ikaja baadaye. Ila kuna mambo watu wanayaruka, mwisho wa siku wanapoteza mafuta na maziwa kwa pamoja.

Tuwekane sawa kidogo. Methani ya ng'ombe haitokei nyuma kama watu wanavyotania. Zaidi ya asilimia 90 inatoka mdomoni akibeua. Kwenye rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, vijidudu vinachachusha majani na kuacha haidrojeni. Haidrojeni ikirundikana mle ndani, uchachushaji unakwama. Kwa hiyo kuna vijidudu vingine, arkea, vinavyoichukua pamoja na hewa ukaa na kutengeneza methani, na ng'ombe anaibeua. Kwake ni nafuu, kwako ni hasara: kati ya asilimia 2 na 12 ya nishati yote aliyokula inaondoka kwa njia hiyo. Na ikishafika angani, ukipima kwa miaka 20, methani inaongeza joto takriban mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule.

Mafuta yanaingiaje hapo? Asidi za mafuta hazichachuki rumenini, kwa hiyo kila gramu ya mafuta iliyochukua nafasi ya wanga ni gramu isiyozaa haidrojeni. Halafu asidi hizo zinawadhuru arkea na protozoa, vijidudu vingine vya chembe moja vilivyomo rumenini, na protozoa ndio wanaowabeba arkea wengi mwilini mwao. Utasikia pia kwamba mafuta ya maji, kama ya alizeti, yanafyonza haidrojeni yanapogeuzwa kuwa mafuta mazito. Ni kweli, ila kiasi chenyewe ni kidogo mno, usikijengee hoja.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu wanaharibu. Kwa kila asilimia 1 ya mafuta unayoongeza, ukipima chakula kikiwa kimetolewa maji, methani inashuka kwa asilimia 3 hadi 5 hivi. Mtu akisikia hivyo anataka kuongeza 10. Huwezi. Jumla ya mafuta yote kwenye chakula isivuke asilimia 6, na mimi huwa nasimama kabla ya hapo. Zingatia nimesema jumla, kwa sababu majani yenyewe yana asilimia 2 hadi 3 kabla hujagusa chupa.

Chukua ng'ombe anayekula kilo 15 kavu kwa siku. Kama chakula chake kina mafuta asilimia 2.5, tayari anakula gramu 375. Ukitaka kufika 5.5 ni gramu 825, kwa hiyo nafasi uliyonayo ni gramu 450 tu. Hapo unategemea methani ipungue kwa asilimia 9 hadi 15. Ng'ombe wa ulaji huo hutoa karibu gramu 300 za methani kwa siku, kwa hiyo umeokoa kama gramu 30 au 40. Si muujiza, lakini ni kila siku, na mafuta yenyewe yana nishati zaidi ya mara mbili ya wanga, kwa hiyo ng'ombe anayekamuliwa sana anafaidika pia.

Kinachowaponza wengi ni mafuta yasiyoonekana. Mashudu yaliyokamuliwa kwa mashine ya kusukuma yanabaki na mafuta mengi, yanaweza kukaribia asilimia 10, wakati yale ya kiwanda kinachotumia kemikali yanabaki na 1 hadi 3. Pumba laini za mpunga zinaweza kufika 15. Mtu anamlisha ng'ombe mashudu ya mashine na pumba, kisha anamwaga mafuta juu, halafu analalamika kwamba mafuta "yamemkataa ng'ombe wake".

Ukivuka mpaka, kinyesi kitakuambia kabla ya ndoo. Mafuta yakizidi yanagandamana kwenye nyuzinyuzi na kuvibana vijidudu vinavyozimeng'enya. Chota kinyesi cha asubuhi, kioshe kwenye chujio chini ya bomba mpaka maji yawe meupe, kisha angalia kilichobaki. Ukiona vipande virefu vya majani, vingine unaweza kabisa kutambua ni bua la nini, ujue rumeni haifanyi kazi yake. Kinyesi chenyewe kinakuwa kilaini na chenye kung'aa. Baada ya hapo ng'ombe anapunguza kula, na krimu ya maziwa inashuka hata kama lita hazijashuka. Hiyo krimu inashushwa na asidi fulani zinazozaliwa rumenini mafuta ya maji yakiwa mengi na nyuzinyuzi chache. Zinafika kwenye kiwele na kuzuia utengenezaji wa mafuta ya maziwa. Anayeuza maziwa kwa kiwango cha krimu ataliona hilo haraka.

Aina ya mafuta nayo ina mambo yake. Ya nazi na ya kokwa za mchikichi ndiyo makali kuliko mengine dhidi ya methani, kwa sababu ya asidi ya lauriki, ila ndiyo yanayowakata hamu ng'ombe upesi. Alizeti, pamba, kanola na kitani ni ya wastani na salama zaidi. Mimi napendelea mbegu kuliko mafuta ya chupa. Mbegu nzima ya pamba ina mafuta karibu asilimia 20, ng'ombe anaitafuna na kuicheua, mafuta yanatoka polepole. Alizeti iponde kidogo, la sivyo nyingine zinapita nzima. Pamba usiwape ndama, ina sumu ya gosipoli ambayo rumeni changa haiwezi kuituliza, na madume ya mbegu nayo yaepushe.

Halafu kuna muuzaji mmoja aliwahi kunishikilia ninunue mafuta yaliyokingwa, yale ya unga yaliyofungwa na kalsiamu, akidai yanapunguza methani. Jamani, yametengenezwa makusudi yapite rumenini bila kugusa kitu! Kwa nishati ni mazuri sana. Kwa methani, usitegemee chochote.

Wafugaji wengi wanayajua mafuta kama dawa ya tumbo kujaa povu, na kweli yanavunja povu. Hiyo ni dozi ya dharura. Usichukue mtindo wa kumnywesha kwa chupa kila siku, yakiingia mapafuni umempoteza. Changanya kwenye pumba kwanza mpaka zilowe sawasawa, ndipo uchanganye na majani yaliyokatwa, uanze kidogo na kupandisha kwa wiki mbili au tatu. Yaliyochacha au yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi, acha.

Maoni yangu binafsi: kama ng'ombe wako wanaishi kwa mabua makavu, mafuta yasubiri. Majani hayo tayari ni magumu kumeng'enya, na mafuta yatazidisha ugumu. Ukivuna majani mapema na kuongeza jamii ya mikunde, methani kwa kila lita ya maziwa itashuka, pengine kuliko kwa mafuta. Wanaotafuta punguzo kubwa wanaangalia kwingine: Bovaer, kiongezi cha chakula kilichoruhusiwa Umoja wa Ulaya mwaka 2022, inapunguza karibu asilimia 30 kwa ng'ombe wa maziwa, na mwani mwekundu wa Asparagopsis umefanya makubwa kwenye majaribio. Na kama mafuta yenyewe yametoka shamba lililofyekewa msitu, hesabu yote ya hewa inageuka.

Weka hapa wanakula nini kwa siku, majani ya aina gani, mashudu ni ya mashine au ya kemikali, na krimu iko ngapi kwa sasa. Inawezekana una nafasi ya gramu 400, inawezekana huna hata ya 50.