Kura ya mama asiyeona sio ya kupigiwa

Jamani kama una mzazi asiyeona au anayetumia kiti mwendo, usisubiri asubuhi ya uchaguzi ndio uanze kuhangaika.

Mama mkubwa wangu wa Uyole, Mbeya, presha ya macho ilimpofusha akiwa na miaka sitini na kitu, na uchaguzi wa 2015 nilimwacha mlangoni mwa kituo nikijua waliomo ndani watamsaidia. Karani akamuuliza kwa sauti "mama unamtaka nani?", foleni nzima inasikia. Kwenye bajaji hakusema kitu, tumefika nyumbani ndio akaniambia "mwanangu, leo nimepiga kura ya hadhara". Iliniuma sana.

2020 tukajipanga. Msaidizi anachaguliwa na mpiga kura mwenyewe, mtu anayemwamini, na hatakiwi kuwa msimamizi wa kituo wala msaidizi wake wala wakala wa chama, hata kama ni jirani mnasali wote. Mama mkubwa akamchagua mdogo wangu, sio mimi, na hiyo ni haki yake, we usinune. Tukafanya mazoezi nyumbani na karatasi 3 za kuchora, rais, mbunge, diwani, wakawa wananong'onezana mpaka wakazoea. Hadi leo sijui alimpa nani.

Anayesoma nukta nundu aombe lile jalada maalum, karatasi inawekwa humo anapapasa anatia vema mwenyewe, ila aliombe mapema maana mule ndani watu wana haraka. Waliopofuka ukubwani kama mama mkubwa wengi hizo nukta hawazijui, kwahiyo jalada peke yake halitoshi, ndio maana nakazania habari ya msaidizi.

Halafu ngazi. Vituo vingi huku ni madarasa, na kwa hii milima yetu ya Mbeya msingi unanyanyuliwa, unakuta ngazi 3 au 4 hakuna mteremko. Siku moja kabla nilienda kuongea na msimamizi, akakubali, fundi wa mtaani akatuwekea mbao 2 nzito na kesho yake kijana wa kiti mwendo akapanda mwenyewe badala ya kubebwa kama gunia la viazi. Foleni wenye ulemavu hawapangi, wazee na wajawazito pia, kituo kinafunguliwa saa 1 asubuhi, ukiona wamenyamaza sema.

Mbao zipo bado, tumeziweka kwa mjumbe, mwenye shida nazo aje achukue.