Futi 5,000 juu ya Dodoma ni ndogo kuliko unavyodhani

Unauliza kama futi 5,000 kwenye altimita (kipimo cha urefu cha ndege) zinatosha kuruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti ya dharura hapa Dodoma. Ukiwa umeweka QNH (mpangilio unaofanya altimita isome urefu kutoka usawa wa bahari), kumbuka uwanja wenyewe uko karibu futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Chini yako zimebaki 1,300 tu, hapo hakuna kusitasita. Tupa kioo kinachofunika chumba cha rubani au mlango, fungua mkanda wa kiti (wapo wanaofungua mikanda ya parachuti kwa kiwewe, basi tena!), jirushe kuelekea nyuma ya bawa. Ukishaachana na ndege, utazame mpini wa kufungulia parachuti, ushike kwa mikono miwili, uvute mpaka mwisho. Kutua: miguu pamoja, magoti yamekunjwa kidogo. Hewa ya huku nyepesi, utashuka kasi kuliko Dar.