Jikoni ni zamu ya nani? Maswali yenu kuhusu likizo ya familia

Likizo ikikaribia, maswali mnayonitumia huwa hayahusu safari yenyewe. Yanahusu nani atapika na nani atalala wapi.

Tunapanga nyumba moja na familia za kaka wawili wa mume wangu. Mwaka jana nilishinda jikoni wiki nzima. Nitasemaje nisionekane mvivu?

Dada, wewe si mvivu. Ulihamisha jiko tu, likizo hukuipata. Kupika ni sehemu ndogo ya kazi ya mlo: kuna kuwaza watu watakula nini, kununua, kupakua, kuosha vyombo, na kukumbuka kwamba mtoto wa shemeji yako hali mayai. Ndiyo maana "nikusaidie nini?" haitoshi. Anayeuliza bado amekuacha wewe msimamizi.

Msigawane kazi, gawaneni siku. Kila familia ichukue siku yake nzima, kuanzia ununuzi hadi sufuria ya mwisho kuoshwa. Siku isiyo yako usiingie jikoni, hata ukisikia harufu ya kuungua. Na mume wako ndiye aliseme hili kwa ndugu zake, kabla hamjasafiri.

Sisi tulipojaribu, kaka yangu mkubwa, ambaye sikuwahi kumwona ameshika mwiko, alituita mezani saa nne kasoro usiku. Viazi vilikuwa vigumu katikati. Mama alimaliza sahani yake yote, akarudi kwenye kiti chake, akanyoosha miguu. Vyombo vilikuwa vinagongana jikoni na yeye hakugeuka. Nina umri mkubwa, na ile ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona amekaa hivyo baada ya chakula.

Sisi tuko wawili, familia ya ndugu yetu wako sita. Tulipe nusu kwa nusu?

Hapana. Malazi yalipwe kwa vyumba, chakula kwa vichwa, na watoto wadogo wahesabiwe nusu. Mkubaliane kabla ya kutoa malipo ya awali. Ndugu asiye na uwezo achange anachoweza, na tafadhali msimfanye alipie pengo kwa kuosha vyombo vya wote. Watoto wake wanaona.

Hoteli inatoa bei ya kifungua kinywa tu, au ya milo yote mitatu. Ipi inafaa?

Angalia mchana mtakuwa wapi. Mkitoka asubuhi na kurudi jioni, mlo wa mchana mtaulipia mara mbili. Waulize mapokezi mambo matatu: mtoto anapunguziwa bei hadi umri gani, vinywaji vimo ndani ya bei, na chakula cha jioni kinaanza saa ngapi. Hilo la mwisho wengi husahau. Kikianza saa mbili usiku, mtoto wa miaka mitatu atakuwa amelala juu ya meza.

Tumepata chumba kimoja. Mtoto wetu wa miezi mitano alale na dada zake kitanda kimoja?

Asilale nao, na hapa naomba mnisikilize. Mtoto mchanga alale chali, peke yake, juu ya godoro gumu lililo bapa, bila mito wala mablanketi mazito, ndani ya chumba mlimo ninyi. Mtoto mkubwa akijigeuza usingizini anaweza kumziba pumzi bila kujua. Sofa ni hatari zaidi, hata akiwa amelala kifuani kwa baba yake. Ombeni kitanda cha mtoto siku mnayoweka nafasi. Kama hawana, bebeni cha kukunja.

Huwa tunaacha chakula mezani kwa ajili ya wanaochelewa. Kuna ubaya?

Kikikaa nje kwa muda wa zaidi ya saa mbili, upo. Kiwekeni ndani ya friji, chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na anayechelewa akipashe hadi kitoe mvuke kote. Nyumba yenye watu kumi, tumbo la mmoja huwa la wote. Aliyetapika au kuharisha akae mbali na jiko hadi saa 48 zipite tangu kutapika na kuharisha kulipokoma, na wote mnawe kwa maji na sabuni. Dawa ya mikono yenye spiriti haiviwezi vizuri virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuharisha, ambavyo mara nyingi ndivyo husambaa hivi.

Kijana wangu wa miaka 15 anabeba sahani kwenda kulia chumbani. Nimlazimishe?

Mlo mmoja kwa siku akae nanyi, achague yeye ni upi. Mingine mwachie, kulala chumba kimoja na binamu wanne kunachosha, na pengine hiyo dakika 20 ndiyo faragha pekee aliyonayo. Ila siku ya zamu yenu mpe sufuria, apike yeye. Jioni hiyo hutahitaji kumwita: atabaki mezani kuangalia nani anaongeza.