Anwani ya mlisho kwanza, bei baadaye

Ndugu, umeuliza kama podikasti yako uiweke kwenye tovuti yako ya WordPress au ulipie kampuni ya kuhifadhi vipindi. Ningekushauri ulipie, lakini usichague kwa bei peke yake.

Programu za kusikilizia kama Apple Podcasts kwa kawaida husoma tu mlisho wako wa RSS, yaani faili ya mtandaoni inayoorodhesha vipindi vyako na mahali sauti zake zilipo, kisha huchukua sauti kule ulikoihifadhi. Kwa hiyo siku utakapohama, kampuni ya zamani ni lazima ikubali kuielekeza anwani ya mlisho wa awali kwenye ule mpya kwa msimbo wa 301, yaani ishara ya seva kwamba anwani imehama kabisa, na isipofanya hivyo wasikilizaji wako watabaki wakifuata mlisho usiopata vipindi vipya. Soma masharti hayo kabla hujajisajili. Hakikisha pia kwamba kitambulisho cha kila kipindi, yaani guid, kitahamishwa bila kubadilika, la sivyo programu zinaweza kuvihesabu vipindi vyote kuwa vipya na kuvipakua tena, jambo ambalo ni kummalizia msikilizaji bando bila sababu.

Kuhusu tovuti yako, kipindi cha nusu saa kwa kilobiti 64 kwa sekunde kina takriban MB 14, hivyo watu 1,000 wakikipakua ni GB 14, mzigo ambao seva ya bei nafuu inayotumiwa na tovuti nyingi haikuandaliwa kuubeba. WordPress ibaki kwa maelezo ya vipindi.