Maswali ya Wasomaji: Picha Zenye Ukungu na Nyuso Nyeusi

SWALI: Nikipiga picha za watoto wakicheza ndani ya nyumba, zinatoka na ukungu. Kamera yangu ina megapikseli 24. Je, ninunue lenzi mpya?

JIBU: Usinunue chochote kwanza. Ikuze picha kwenye skrini uikague. Viti na kuta vikiwa safi ila mtoto ameacha michirizi, shata (kilango cha kamera kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga) ilikuwa ya polepole kuliko mwendo wake. Kila kitu kikiwa kimevutika upande mmoja, mkono ndio uliotikisika. Na kama pazia la nyuma linaonekana uzi kwa uzi ilhali uso hauonekani vizuri, fokasi, yaani sehemu ambayo lenzi imeilenga ionekane safi, imekamata mahali pasipotakiwa.

Kwa watoto, tatizo mara nyingi ni la kwanza. Weka modi ya S (Canon huiandika Tv), ambayo wewe hupanga kasi ya shata, chagua 1/250 ya sekunde, na 1/500 wakianza kukimbia. Iache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe, ila iwekee kikomo cha 3200 au 6400. Chenga (vidoadoa kwenye picha) zitaonekana, zivumilie: kompyuta huzipunguza baadaye, lakini michirizi ya mwendo haiondoki kirahisi. Katika kamera nyingi, namba ya f (inayoonyesha upana wa tundu la lenzi) ikipepesa maana yake lenzi imefunguka hadi mwisho na mwanga bado hautoshi. Wasogeze watoto karibu na dirisha.

Zoezi: fungua maji ya bomba yatiririke, uyapige kwa 1/30, kisha 1/125, kisha 1/1000, ukisimama palepale. Kuhusu mkono kutikisika, ukitumia lenzi ya milimita 50 kasi ya shata isishuke chini ya 1/50; kamera yenye sensa (kipande kinachopokea picha) ndogo ya APS-C, anzia 1/80.

SWALI: Mbona mtu akisimama mbele ya dirisha uso wake unatoka mweusi?

JIBU: Kamera hupima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Dirisha likizidi nguvu, hupunguza mwanga wa picha yote, na uso unaponzeka. Bonyeza kitufe chenye alama ya +/−, uongeze +1 hadi +2. Dirisha litaungua, liwe jeupe tupu. Hapo huna budi kuchagua, na sisi tunachagua uso. Ukimaliza rudisha 0, vinginevyo picha zote zitakazofuata zitaungua. Kama mtu anakubali kugeuka, mgeuze ubavu wake uelekee dirishani, na kitufe hutakihitaji.

SWALI: Ni lazima kufuata kanuni ya theluthi, ile ya kuigawa fremu sehemu tatu kwa wima na tatu kwa mlalo?

JIBU: Si lazima. Washa gridi (mistari ya kugawa fremu kwenye skrini), weka jicho la mhusika kwenye makutano ya mistari, uone kama picha imependeza. Tunavyoona, kanuni hii inasifiwa kupita kiasi huku watu wakisahau kukagua kingo za fremu, ambako ndiko mikono hukatwa vidole. Nguzo ikionekana kuota kichwani mwa mtu, hatua moja kushoto au kulia huiondoa. Na kama una lenzi ya milimita 18–55, usipige uso kwa 18 ukiwa umemkaribia mtu, pua itavimba. Rudi nyuma kama mita mbili, utumie 55.