Kuomba kadi za mkopo Marekani: alama zinashuka kwa nini, na zinarudi lini?

SWALI: Niko Marekani mwaka wa tatu sasa. Kadi yangu ya kwanza ina kikomo cha dola 2,000, na deni lake huwa dola 900 hivi. Mwezi uliopita niliomba kadi mbili ndani ya wiki moja. Moja nimepewa, ina kikomo cha dola 3,000, nyingine nimenyimwa. Alama zangu za mkopo, zile ambazo benki hutumia kumpima mwombaji, zimeshuka kutoka 712 hadi 694. Ni kwa sababu ya kunyimwa? Naweza kuomba ya tatu? Mwakani nataka mkopo wa nyumba.

JIBU: Kunyimwa hakujakupunguzia hata alama moja, kwa sababu uamuzi huo hauandikwi kwenye taarifa zako za mikopo. Kinachoandikwa ni ukaguzi: benki fulani, tarehe fulani, ilifungua taarifa zako kwa kuwa umeomba mkopo. Umeomba mara mbili, umekaguliwa mara mbili. Kwa hesabu za FICO, kampuni inayotengeneza alama hizo, ukaguzi mmoja huwagharimu watu wengi chini ya alama 5, ila mwenye akaunti chache na historia fupi kama wewe anaweza kupoteza zaidi. Rekodi ya ukaguzi hukaa miaka 2, lakini FICO huihesabu kwa miezi 12 tu.

Kadi uliyopewa nayo inaweza kushusha alama ikishaingia kwenye taarifa. Ulikuwa na akaunti moja, tuseme ya miezi 30. Zikiwa mbili, wastani wa umri wake utakuwa miezi kama 15. Urefu wa historia hubeba asilimia 15 ya alama za FICO, na mikopo mipya asilimia 10.

Kuna upande wa nafuu ambao pengine bado haujaonekana. Kiasi unachodaiwa hubeba asilimia 30, na hupimwa hasa kwa kulinganisha deni na kikomo. Dola 900 kwa 2,000 ni asilimia 45, nyingi mno. Kadi mpya ikishaingia kwenye taarifa, itakuwa 900 kwa 5,000, yaani asilimia 18. Benki inaweza kuchukua mwezi mmoja au miwili kuipeleka. Usiifunge kwa hasira: ukaguzi utabaki palepale, na asilimia 45 itarudi. Hata hivyo kila kadi hutazamwa pia peke yake, kwa hiyo lipunguze deni la ile ya kwanza. Lipa kabla ya siku ya kutolewa bili, maana kwa kawaida salio la siku hiyo ndilo linalopelekwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza taarifa za mikopo.

Ya tatu usiombe sasa. Watu wengi huchanganya hapa: wamesikia kwamba maombi mengi ya karibu karibu huhesabiwa moja. Kwa FICO, hilo ni kwa mikopo ya nyumba, gari na masomo tu, ndani ya siku 14 kwa matoleo ya zamani ya hesabu zake na 45 kwa mapya. Kadi hazimo, kila ombi lina ukaguzi wake.

Tafuta kwanza barua ya benki iliyokunyima. Sheria inakupa haki ya kujua sababu, na ya kupata bure, ukiomba ndani ya siku 60, nakala ya taarifa kutoka kampuni iliyotumika. Kagua jina, anwani na kila akaunti. Jina likiwa limeandikwa kwa mpangilio tofauti, akaunti ya mtu mwingine inaweza kuingia kwako. Ukiikuta, ipinge kwa maandishi.

Siku utakapohitaji kadi nyingine, anza na ukurasa wa benki wa kupima kama unafaa. Kipimo hicho hakipunguzi alama, ingawa si ahadi kwamba utapewa. Hata kuomba kikomo cha kadi ya zamani kiongezwe, uliza kwanza kama watafanya ukaguzi unaohesabiwa. Baadhi ya benki hufanya.

Kuhusu nyumba, ningekushauri usiombe kadi yoyote miezi 6 kabla. Mkopeshaji anaweza kukudai maelezo ya maandishi kwa kila ukaguzi wa karibuni, na mara nyingi hufungua taarifa tena siku chache kabla ya kutia saini. Hata baada ya kuambiwa umekubaliwa, usifungue kadi hadi umekabidhiwa funguo.